Damu Mbili Kwenye Kioo Kimoja

"Hivi wewe Lucia, dada humtazama kaka yake namna hiyo?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yetu Paskalina, siku moja tukiwa uani kwake tukimenya njegere. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza huku anacheka, kwa sababu gari la serikali lilikuwa linapanda kilima kutoka upande wa Makambako, na mimi nilikuwa nimesimama bila kujua kwamba nimesimama, njegere zote zimemwagika chini.

"Namna gani?" nikamwuliza.

"Namna ya mtu aliyeshinda njaa akasikia harufu ya ugali."

"Acha maneno yako, mama Sila."

"Mimi nimeshaacha. Macho yako ndiyo hayajaacha."

Nikainama kuokota njegere ili asinione uso. Yonathani alikuwa kaka yangu. Upande wetu wote wa Njombe ulijua hivyo, tangu wazee wa kanisa hadi watoto wa darasa la kwanza. Nami nilimpenda jinsi mwanamke anavyompenda mwanamume anayetaka kumzalia. Naye alinipenda vivyo hivyo. Wala hapakuwa na ukoo wowote kati yetu. Yeye alikuwa Mkinga wa kule Makete, mimi Mbena, na mwaka mmoja nyuma hata jina lake nilikuwa silijui.

Undugu wetu uliingia kwa ncha ya sindano.

Wakati ule wa Waingereza, serikali ilipata fungu kutoka kwao Ulaya la kupeleka mafunzo ya sayansi kwenye shule za mashambani, na sharti lake lilikuwa kwamba wazazi nao waitwe waone. Basi likaja gari kubwa la rangi ya majani, limebeba taa ya kuonyeshea picha ukutani, mifupa ya mtu iliyotengenezwa kwa chokaa, na hadubini, kile chombo cha kukuza vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mzungu mwenye kazi alikuwa anabaki bomani Njombe. Aliyezunguka na gari akifundisha kwa Kiswahili alikuwa Yonathani. Alikuwa amefunzwa kazi hiyo hospitalini, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa na kwaya.

Siku ya kwanza walipofika shuleni kwetu, wazazi walikuja na fimbo.

Ilikuwa imevuma kwamba gari lile ni la mumiani, wale wanaosemekana kunyonya damu za watu. Yonathani hakujua. Akaweka meza yake nje, jua likiwa zuri baada ya ukungu wa asubuhi, akainua sindano na kusema, "Nani atanipa tone moja la damu, tuone lilivyo?"

Loo! Ema, mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto, alimnyakua mwanawe kutoka mstarini. "Si niliwaambia? Damu yenyewe hiyo anaiomba mchana kweupe!"

Watu wakaanza kusogea. Baba yangu, Mzee Efraimu, aliyekuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa shule, akasimama mbele yao, mikono juu, lakini nani alimsikia? Mimi nilikuwa namsaidia mwalimu na watoto wadogo, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la nne. Nilimwona kijana wa watu amebaki peke yake na sindano mkononi. Nikaenda mezani nikanyoosha kidole.

"Chukua changu," nikamwambia.

"Huogopi?"

"Naogopa. Chukua upesi."

Akanichoma. Tone likaanguka kwenye kioo. Kelele zikazidi. Hapo ndipo Yonathani alipofanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alijichoma na yeye, akaidondosha damu yake juu ya ile yangu, akazikoroga kwa ncha ya kijiti mbele ya watu wote. Akainua kioo juu.

"Tazameni! Ya kwangu na ya binti yenu sasa haziachani. Nikimdhuru huyu nimejidhuru mimi. Kuanzia leo kwao ni kwetu, na kwetu ni kwao!"

Watu wakanyamaza kama kanisani. Alidhani wameielewa sayansi.

Katika kimya kile akanivuta taratibu kwenye hadubini. "Funga jicho moja. Usipumulie kioo." Nikaona vidude vingi vyekundu, vya mviringo, vinapishana kama watu wa gulioni. "Zipi ni zangu na zipi zako?" nikamwuliza. Akainama, shavu lake karibu na langu, akatazama kitambo.

"Hata mimi siwezi tena kuzitenga," akasema.

Ni hapo nilipompenda, msomaji wangu, wala sikujua kwamba mlango ulikuwa unafungwa saa ileile. Kwa maana bibi yangu, Bibi Ida, mama yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa ameondoka kwenda nyumbani, ambako mbuzi wa wageni alikuwa anachomwa. Akarudi na kipande cha ini. Akakikata kwa meno, nusu akaniwekea mimi mdomoni, nusu akamwekea Yonathani. Mimi nilidhani ananipongeza. Yonathani alikuwa hajala tangu alfajiri. Akatafuna, akasema, "Asante bibi, tamu kweli."

Vigelegele vikapasuka. Wazee wakaja kumshika baba mkono. "Hongera, Efraimu. Hatimaye umepata mtoto wa kiume." Na Ema, yuleyule, akamsukuma mwanawe mbele. "Mchome na huyu. Kumbe ni mtu wa kwetu."

Huko kwetu zamani, watu wawili wakichanganya damu, wakatamka hivyo, wakala ini moja mbele ya mashahidi, wamezaliwa upya tumbo moja. Mkinga angeweza kulijua hilo, lakini Yonathani alikuwa amelelewa misheni, na misheni hawakumfundisha. Mimi nilifundishwa na bibi siku hiyo jioni, wakati ini limekwisha kushuka tumboni.

Basi akawa wa nyumbani. Kila gari lilipopita alilala kwetu. Bibi alimwekea kiti chake karibu na moto na kumtania kama bibi anavyomtania mjukuu. "Karibu mume wangu! Umeniletea sukari au umeniletea meno hayo tu?" Katika nyumba ile yote, bibi peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumwita hivyo. Mimi nilipita nimebeba sufuria, nimeuma mdomo.

Alijaribu. Alikwenda kwa baba, nami niko nyuma ya ukuta wa jiko nasikia kila neno.

"Baba, ile ilikuwa ni kufundisha tu. Damu juu ya kioo haimfanyi mtu kuwa ndugu. Hata mchungaji amekataza mambo ya kuchanjana damu."

"Mchungaji amekataza kuchanjana kwa siri porini, kwa kuwaita wafu," baba akajibu, bila hasira. "Wewe ulifanya mchana, kwenye uwanja wa shule ya kanisa. Mimi siwaogopi wafu, mwanangu. Ulisema kwao ni kwetu, au hukusema?"

"Nilisema."

"Watu wakakupa watoto wao kwa neno hilo. Sasa unataka niwaambie ulikuwa unafundisha tu? Watakuuliza, basi zile damu za watoto wetu ulichukua za nini? Utawajibu nini?"

Nikasikia kiti cha Yonathani kinalia.

"Neno lililosemwa mbele ya watu, Mungu naye amelisikia. Kama uliwadanganya, toka nje ukawaambie. Kama hukuwadanganya, Lucia ni dada yako. Chagua."

Lakini kuchagua kulikuwa wapi? Gari lilikuwa limefukuzwa shule moja huko nyuma kwa mawe, na Mzungu alikwisha sema kwamba likifukuzwa tena, fungu litapelekwa nchi nyingine. Kila kijiji kilichofuata kilimpokea kwa sababu ya sifa iliyotoka kwetu: huyu amekula ini na watu wa Mzee Efraimu.

Miezi ikapita hivyo, tuko ndani ya nyumba moja tunatafutana kwa macho. Kisha wakaja watu wa Makambako.

Filbert alikuwa na duka la nguo pale njia panda. Aliniona kwenye mkutano wa kwaya. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu sikuwa hata na mtu wa kumchukia. Alituma mshenga, Mzee Danieli, na baba akapanga siku, Jumamosi, gari likiwa shuleni kwetu.

"Kaka yake awepo," baba akasema. "Mimi nimekaa miaka yote kwenye posa za wenzangu nikitazama watoto wao wa kiume. Safari hii na mimi nina wangu."

Asubuhi ya siku hiyo nilimfuata Yonathani nyuma ya shule, kwenye miti ya miwati, akiwa anafuta vioo vyake kwa kitambaa. Umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani.

"Unajua desturi ya jembe?" nikamwuliza.

"Nimeisikia. Nieleze tena."

"Wageni wanaweka jembe mlangoni. Nikiliacha pale, nimekataa, na mshenga ana haki ya kuniuliza ninamtaka nani. Nitamtaja nani? Nimtaje kaka yangu mbele ya watu? Nikiliokota, nalitoa kwa kaka. Kaka akiliingiza chumbani, nimeposwa. Akilirudisha kwa wageni, yamekwisha, ila na yeye lazima aseme sababu."

Akaacha kufuta kioo. Akanitazama, na Mungu anisamehe, nilisahau baridi.

"Basi nipe mimi jembe," akasema.

"Kweli?"

"Okota, unipe. Nitalirudisha. Nitasema palepale kwamba mimi si kaka yako, kwamba ninakutaka mimi. Wanipige, wachome na gari, nimechoka kula chakula cha baba yako kama mwizi."

"Utasema, Yonathani?"

"Nitasema."

"Apa."

"Nisiape tena," akasema, akatabasamu kidogo. "Kiapo kimoja kimenitosha. Niamini tu."

Nikamwamini. Nilirudi nyumbani nikachota maji, nikafagia, nikachemsha viazi na chai, mikono miepesi. Bibi akanitazama akasema, "Mwali anayeposwa na mtu wa Makambako mbona anaimba?"

"Nimefurahi, bibi."

"Mh," akasema bibi.

Wageni walifika mchana, wamejaa vumbi jekundu la njiani. Mzee Danieli alikuwa mtu wa mzaha, tumbo mbele. "Kamwene!" akabisha kwa salamu ya kwetu. Bibi akawazuia mlangoni, kama inavyopasa.

"Nyie ni nani?"

"Ni wapita njia, mama. Tumeona moshi, tukasema tukaombe maji."

"Makambako hakuna maji?"

"Yapo, mama, lakini hayana wa kuyachota."

Watu wakacheka. Wakaketi. Filbert alikaa pembeni na kofia yake magotini, anatazama chini kwa adabu. Baba akamketisha Yonathani kulia kwake, akaweka mkono begani pake, na uso wa baba siku ile ulikuwa wa mtu aliyejibiwa ombi la miaka mingi. Sijapata kumwona hivyo tena. Mlangoni na dirishani palijaa majirani, Paskalina akiwa mbele, na Ema amembeba yule mwanawe mgongoni ingawa alikwisha kuwa mkubwa.

Baba akaomba. Kisha Mzee Danieli akatoa jembe jipya lililofungwa kwa kitambaa cheupe, akaliweka kizingitini.

"Tumeleta kijembe chetu. Kama kuna wa kulima nacho, na aje."

Nikaitwa. Nilitoka jikoni. Sikumtazama mtu yeyote. Nikapiga magoti, nikaokota jembe, zito kuliko nilivyodhani, nikasikia bibi anavuta pumzi. Nikatembea hadi kwa Yonathani nikaliweka mikononi mwake. Vidole vyetu viligusana chini ya kitambaa. Vyake vilikuwa vya baridi.

"Haya," akasema Mzee Danieli. "Binti amesema kwa miguu yake. Kaka anasemaje?"

Yonathani akasimama. Nilimtazama sasa, sikujali tena nani ananiona.

"Mimi..." akaanza. "Mzee Danieli, na wewe baba, na ninyi nyote. Kabla ya jembe hili kwenda popote, kuna jambo napaswa kulisema. Jambo la siku ile. La damu."

Mkono wa baba ukashuka taratibu kutoka pale ulipokuwa umeinuliwa kumpongeza.

"Siku ile," akasema Yonathani, "nilipochanganya damu..."

"Siku ile!" Ni Ema, pale mlangoni, aliyeshindwa kukaa kimya kwa furaha yake. "Mungu ambariki mtu wa siku ile! Nani hapa hajui nilivyotaka kumpiga mawe? Sasa gari linakwenda Mlangali kwa dada zangu, nao wanaogopa, nikawatumia neno, nikawaambia, msiogope, leteni watoto wote, nimemwona kwa macho yangu akizaliwa kwetu. Wameniamini mimi. Sema, mwanetu. Samahani, nimekukatiza. Sema."

Akamtikisa mwanawe mgongoni, na mtoto akampungia Yonathani mkono.

Yonathani akageukia mlangoni. Akamtazama Ema, akamtazama mtoto. Akamtazama baba, ambaye alikuwa hamhimizi wala hamzuii, ameketi tu, macho yake yamezama kwenye mikono yake mwenyewe kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Mwisho akanitazama mimi.

"Sema, Yonathani," nikasema.

Kwa jina, bila kaka. Mzee Danieli akageuza kichwa. Bibi akaacha kutafuna.

"Kijana," mshenga akasema, mzaha wote umemtoka. "Ulikuwa unasema jambo la damu. Kuna kasoro? Kama kaka anakataa, na akatae, hatutakasirika. Lakini sababu tuipate."

"Hapana," akasema Yonathani.

"Hapana nini?"

"Hapana kasoro." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chumba kingine. "Nilitaka kusema... kwamba siku ile nilipata nyumba. Ndilo jambo lenyewe."

Nilijua kabla hajageuka. Niliona mabega yake yanavyoshuka, kama ya mtu anayeinamia mzigo aliouzoea. Akalikumbatia lile jembe kifuani, akainama chini ya pazia, akaingia chumbani. Tukasikia chuma kinagusa sakafu.

Bibi ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wanawake wa dirishani wakampokea, na baba yangu, mtu ambaye hata kwenye mazishi ya mama hakulia mbele ya watu, alijifuta macho kwa kiganja. Filbert aliinua uso, akanitazama kwa shukrani, kwa upole mkubwa, hata nikamwonea huruma.

Yonathani alirudi mikono mitupu. Akaketi tena kulia kwa baba, palepale, akanyoosha suruali yake magotini.

"Mwanangu," baba akamwambia, "mkaribishe dada yako aje awasalimu watu wake."

Nikamngoja. Mimi bado nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, pale nilipompa jembe. Nilidhani angalau hilo hataliweza.

Hakuniangalia usoni, aliangalia mikono yangu.

"Dada," akasema, "njoo uwasalimu wageni."

Chai ilikuwa inachemka mafigani huko jikoni, nikaisikia inamwagikia motoni. Watu walitabasamu, wakisubiri nipige magoti. Mzee Danieli alikwisha kunyoosha mkono wake. Nikautazama ule mkono, nikamtazama baba. Kisha nikakaza kanga kiunoni, nikapita kati ya magoti ya wageni, Ema akasogea akadhani naenda kuleta vikombe, nikatoka, nikalipita jiko, nikashika njia.